Chigongi ni nini hasa? Ufafanuzi kwa anayetaka kuanza

Video zinazozunguka kwenye simu zinaonyesha wazee wa Kichina bustanini alfajiri, mikono ikipanda na kushuka taratibu kana kwamba wanasukuma maji. Maelezo yanayoandamana nazo ndiyo yanayochanganya watu. Moja inasema zoezi hilo linashusha presha bila dawa. Nyingine inasema linaamsha nguvu iliyolala tumboni. Ya tatu inaonya kwamba ni mlango wa mashetani. Aliyezitazama zote kabla ya chai ya asubuhi ana haki ya kuuliza: haya ni mazoezi, ni tiba, au ni dini?

Tuanze na maana ya wazi. Chigongi ni mazoezi ya polepole kutoka China ambamo mwendo wa mwili, pumzi na umakini hufanywa kwa pamoja, kila kimoja kikimsubiri mwenzake. Huo ndio msingi. Yanayoongezwa juu yake, kuanzia uponyaji wa saratani hadi nguvu za ajabu, yanapaswa kupimwa moja moja, kwa sababu chini ya jina hili vimerundikwa vitu vingi visivyofanana.

Jina lenyewe

Kwenye mabango na intaneti utaliona limeandikwa Qigong, na Wachina hulitamka karibu na "chi-gung". Ni maneno mawili. La kwanza, chi, katika Kichina cha kila siku ni hewa, pumzi au mvuke. Herufi yake ya zamani ina sehemu mbili: juu alama ya mvuke, chini alama ya mchele. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali ameiona picha hiyo. Matabibu wa jadi wa China walilipanua neno hilo likabeba pia maana ya nguvu ya uhai inayotembea mwilini. Jambo hilo lisitushangaze sana, maana Kiswahili nacho kimeweka uhai na hewa karibu karibu: aliyechoka anapumzika, na neno hilo limetoka tumbo moja na kupumua.

La pili, gong, huandikwa kwa kuunganisha alama ya kazi na alama ya nguvu. Maana yake ni ustadi unaopatikana kwa kurudia jambo muda mrefu, na ndilo lililomo pia ndani ya kungfu. Kwa hiyo chigongi, neno kwa neno, ni ustadi wa pumzi uliotafutwa kwa kazi.

Wengi huchanganya chigongi na taichi kwa sababu ya ile "chi". Kumbe ni maneno mawili tofauti. Chi ya taichi ina maana ya upeo wa mwisho, na imefanana na ya pumzi kwa sababu tu ya jinsi Wazungu walivyoandika sauti za Kichina zamani. Taichi ni sanaa ya kupigana inayofanywa polepole: kila mwendo una kazi yake, kukinga, kusukuma au kupiga teke, na mfululizo wake mfupi unaojulikana zaidi, uliotungwa mwaka 1956, una hatua 24 za kukumbuka kwa mpangilio. Chigongi hurudia mwendo mmoja mfupi mara kadhaa, mara nyingi mtu akiwa amesimama pale pale. Taichi ni kama kuhifadhi shairi zima. Chigongi ni kama kurudia kibwagizo.

Walimu wa Kichina husema kuna mambo matatu ya kurekebisha: mwili, pumzi na moyo, yaani moyo kwa maana ya fikra na hisia. Ukinyoosha mikono huku ukiwaza kodi ya nyumba, umefanya mazoezi ya viungo, basi. Ukikaa kimya ukihesabu pumzi, hiyo ni tafakuri. Mfano wa karibu wa mambo matatu kukutana ni wanawake wawili wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja. Mkono unapanda, pumzi inafuata, na akili haiwezi kutoka hapo hata kidogo, maana anayezubaa atagonga mchi wa mwenzake. Chigongi inatafuta hali hiyo, ila bila uzito wa mchi.

Mazoezi ya kale, jina changa

Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi huko Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani walikuta kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, kila mmoja katika mkao wake: anayejinyoosha, anayeinama, anayeiga ndege. Wakati huo mazoezi hayo yaliitwa daoyin, kuongoza na kuvuta. Karibu karne nne baadaye tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwaka 208, alisifika kwa mchezo wa wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Vitabu vya historia vya China vinasimulia kuwa alimweleza mwanafunzi wake kwamba bawaba ya mlango haiozi kwa sababu inazungushwa kila siku.

Jina chigongi, kwa maana ya kukusanya mazoezi yote haya mahali pamoja, ni la mwaka 1949. Liu Guizhen, mtumishi wa Chama cha Kikomunisti katika mkoa wa Hebei aliyekuwa akiteswa na vidonda vya tumbo, alipata nafuu kwa mazoezi ya pumzi ya kijijini kwao. Yeye na wenzake waliyavua mazoezi hayo mavazi ya kidini, wakayapa jina hili na kuyaingiza kliniki. Wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong iliyoanza mwaka 1966, mazoezi hayo yakapigwa marufuku. Katika miaka ya 1970 Guo Lin, mchoraji wa kike aliyekuwa ameugua saratani, akaanza kuyafundisha waziwazi kwenye bustani za Beijing.

Kilichofuata ndicho chanzo cha nusu ya mkanganyiko wa leo. Katika miaka ya 1980 iliwaka "homa ya chigongi". Watu kwa mamilioni walijazana bustanini, na wakatokea mabingwa waliodai kuponya wagonjwa kwa mbali, kwa kunyoosha kiganja tu. Hata Qian Xuesen, mwanasayansi anayeheshimiwa kama baba wa maroketi ya China, aliunga mkono utafiti wa nguvu hizo. Homa ilikatwa ghafla mwaka 1999, serikali ilipoipiga marufuku Falun Gong, harakati yenye mafundisho na mwanzilishi wake, iliyokuwa imekua ndani ya wimbi hilo. Baada ya hapo mamlaka ya michezo ya China ilipanga mambo upya, na mwaka 2003 ikatoa seti nne rasmi za mazoezi ya afya, zilizopunguzwa madai makubwa. Maarufu zaidi ni Baduanjin, yaani Vipande Vinane vya Hariri, ambayo maandishi ya enzi ya wafalme wa Song (miaka 960 hadi 1279) tayari yaliitaja.

Ukilijua hilo, video za simu zinaanza kueleweka: mara nyingi mwili unaouona unafanya mazoezi ya 2003, lakini sauti inayosimulia inarudia madai ya miaka ya 1980.

Kinachotokea mwilini

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika chigongi hesabu hiyo hushuka, na kwa aliyezoea inaweza kukaribia mara 6. Kazi kubwa hufanywa na diaframu, msuli mpana uliowambwa chini ya mapafu kama ngozi ya ngoma. Ukivuta hewa, msuli huo hushuka, unasukuma vilivyo chini yake, na tumbo linatokeza. Ukitoa hewa, unapanda na tumbo linarudi. Mtazame mtoto mchanga aliyelala chali: tumbo ndilo linaloonekana kupanda na kushuka. Mtu mzima mwenye wasiwasi, au anayeinamia kompyuta siku nzima, huishia kupumua kwa kifua na mabega.

Kwa nini pumzi ya polepole itulize? Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi, kisha itoe polepole. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakiharakisha kidogo wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ni kama breki ya moyo, na breki hiyo hukazwa zaidi tunapotoa pumzi. Ukirefusha kutoa, unaikanyaga kwa muda mrefu zaidi. Msomaji wa Kurani anayekwenda aya ndefu kwa pumzi moja, na mwanakwaya anayeshikilia noti, wanafanya jambo hilo hilo kwa nia nyingine. Hadi hapa hakuna anayelazimika kuamini lolote kuhusu chi.

Faida ya pili iko miguuni. Kusimama magoti yakiwa yamelegea, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kuinua visigino: hayo hufundisha mapaja, vifundo na sikio la ndani kazi ya mizani. Ushahidi imara zaidi katika eneo hili ni wa taichi. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu mazoezi na kuanguka kwa wazee yalikuta kwamba taichi ilipunguza idadi ya wazee wanaoanguka kwa karibu asilimia 20. Chigongi inatumia misuli ile ile kwa mwendo mwepesi zaidi, lakini si haki kuivika takwimu ya ndugu yake.

Kuhusu presha, usingizi, wasiwasi na maumivu ya muda mrefu, tafiti nyingi za chigongi zinaonyesha nafuu, kwa kawaida ya wastani. Udhaifu wake unajulikana. Nyingi ni za watu wachache na miezi michache. Halafu kuna tatizo lisilo na dawa: mtafiti anaweza kumpa mgonjwa kidonge kisicho na kitu ndani bila yeye kujua, lakini hawezi kumfanyisha mtu mazoezi bila yeye kujua. Matumaini ya mshiriki yanaingia kwenye matokeo, na kuyatenganisha ni kazi ngumu. Anayekuambia "imethibitishwa" bila kutaja kwa ugonjwa gani na kwa kiasi gani hajasoma vizuri.

Tena, mazoezi haya hayapandishi mapigo ya moyo vya kutosha kuchukua nafasi ya kutembea haraka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Chigongi ikae kando ya matembezi hayo, isiyafukuze.

Hofu na madai

Je, chi ipo? Hakuna chombo kilichowahi kuipima kama nishati ya peke yake ndani ya mwili. Hata hivyo maneno ya walimu si upuuzi. Mkulima anayesema "shamba limechoka" hana maabara, lakini anajua lini alipumzishe na lini abadilishe mazao. Lugha ya chi ni ya namna hiyo: inaeleza joto, uzito, mchomo mdogo, wepesi, mambo ambayo mtu anayahisi kweli. Hatari inaanza pale mtu anapoichukua lugha hiyo kama kipimo cha hospitali, akasema figo zake "hazina chi" na kuacha kupima damu.

Joto la viganja, ambalo wengi wanaoanza hulihisi, lina maelezo ya kawaida. Mwili unapotulia, mishipa midogo ya damu mikononi hulegea na kupitisha damu zaidi, na ukiuelekeza umakini wako kwenye kiganja, utahisi vitu ambavyo siku zote vilikuwepo.

Swali la dini linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba watawa wa Kidao (dini ya jadi ya China) na wa Kibudha walikuwa na mazoezi yao, na hata leo yapo makundi yanayofundisha chigongi pamoja na ibada. Baduanjin ya afya haina sala, kiapo wala madhabahu. Hata Liuzijue, seti nyingine ya mwaka 2003 inayotumia sauti sita, inatumia sauti za kutolea pumzi kama "hu" na "si". Si majina ya miungu. Muislamu au Mkristo anayetaka kuwa na amani na amuulize mwalimu moja kwa moja: kuna kuimba, kusujudia picha, au kuapa utii kwa mtu? Jibu la wazi litamsaidia kuamua kuliko uvumi wowote.

Anayedai kutuma chi yake mwilini mwako kwa malipo, usimpe pesa. Anayekuambia uache insulini, dawa za presha, dawa za kifafa au matibabu ya saratani kwa sababu unafanya chigongi, ondoka siku hiyo hiyo. Hili halina pande mbili.

Kuna onyo moja la Wachina wenyewe ambalo watu wa video hawalitaji. Wana msemo wa kale kuhusu moto kuacha njia yake na pepo kuingia, wakimaanisha mtu aliyefanya mazoezi ya ndani kupita kiasi akavurugikiwa akili. Wakati wa ile homa walionekana watu waliofanya kwa saa nyingi kila siku, wakashikilia pumzi, wakafunga macho na kufuatisha taswira, kisha wakaanza kusikia sauti. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja hali hiyo. Dakika 12 za mwendo laini macho yakiwa wazi ni kitu kingine kabisa. Lakini aliyewahi kuugua ugonjwa wa kusikia sauti au kuona visivyokuwepo asifanye tafakuri ndefu za kukaa, na amshirikishe daktari wake hata kwa yale mepesi.

Kusimama kwanza

Kila kitu kinaanza na kusimama, na hapa ndipo wengi hukimbia haraka mno. Weka nyayo sambamba kama reli, nafasi kati yake sawa na upana wa mabega. Legeza magoti kiasi cha kuyafungua tu. Yasikunjwe kama unayeketi. Sasa fikiria una ndoo ya lita 20 kichwani, imejaa. Mwili unajipanga wenyewe: kidevu kinarudi ndani kidogo, shingo inarefuka, mabega yanashuka, kiuno kinalegea ili maji yasimwagike. Funga mdomo, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, pumua kwa pua. Weka viganja tumboni, vidole vitatu chini ya kitovu. Wachina huita sehemu hiyo dantieni. Ichukulie kama mahali pa kutuliza mawazo yako.

Angalia vidole vya miguu. Vikikamata sakafu, umeegemea mbele. Rudisha uzito hadi unyayo mzima ulale. Magoti yakifungwa kabisa, damu hujikusanya miguuni na kichwa kinaweza kuwa chepesi, jambo lile lile linaloangusha wanafunzi mstarini jua likiwaka. Dakika mbili za kusimama hivi zinatosha siku za mwanzo. Mapaja yakitetemeka ni misuli imechoka. Nyanyuka kidogo, uendelee.

Kanuni ya pumzi ni moja: mikono inapopanda au kufunguka, vuta, inaposhuka au kukusanyika, toa. Hewa ikiisha kabla ya mwendo, pumua tena kama kawaida. Usiibane. Kubana pumzi huku umekaza mwili hupandisha presha kwa ghafla, na mwenye presha ya juu ndiye anayeumia.

Vipande vinane

Seti nzima ya Baduanjin huchukua kama dakika 12. Mpangilio rasmi ni mara 6 kwa kila mwendo, au 3 kila upande, isipokuwa wa mwisho ambao ni mara 7.

Cha kwanza ni kuinua mbingu. Ingiza vidole vya mkono mmoja kati ya vya mwingine mbele ya tumbo, viganja vikitazama juu. Pandisha hadi kifuani, geuza viganja nje, endelea kusukuma hadi juu ya kichwa huku macho yakifuata mikono. Ukifika juu, tazama mbele, kaa sekunde mbili, kisha achanisha mikono ishuke pembeni huku magoti yakilegea. Kosa la kawaida ni kukunja mgongo nyuma ili mikono ionekane imefika juu. Mbavu zikifunguka mbele, umepitiliza. Mwenye bega gumu aishie usawa wa paji la uso, hapotezi kitu.

Cha pili ni kuvuta upinde. Panua mguu wa kushoto, shuka kama aliyepanda farasi. Kutanisha mikono kifuani, kisha mkono wa kushoto usukume kushoto, kidole cha shahada kikisimama na gumba likifunguka, huku wa kulia ukivuta kamba hadi mbele ya bega la kulia. Macho yapite juu ya kile kidole. Tazama magoti: kila goti lielekee kunakoelekea kidole cha pili cha mguu wake. Likianguka ndani, umeshuka chini mno kwa nguvu ulizonazo, na mishipa ya goti ndiyo itakayolipa. Panda juu kidogo.

Cha tatu mkono mmoja unasukuma juu na mwingine unasukuma chini kando ya nyonga, kwa zamu. Cha nne ni kutazama nyuma: mikono inafunguka pembeni viganja vikigeuka nje, na kichwa kinageuka taratibu. Kiwiliwili kibaki mbele. Ukiona unapata kizunguzungu shingo inapogeuka, punguza pembe, na ikiendelea muone daktari.

Cha tano na cha sita vinahitaji busara zaidi. Cha tano, ukiwa umeshuka miguu imepanuka na mikono iko mapajani, kiwiliwili huinama na kuzungushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kichwa kikifuata na makalio yakienda upande wa pili. Cha sita mikono hushuka mgongoni, ikapita nyuma ya miguu hadi nyayoni, kisha mwili huinuka mikono ikitangulia. Vyote viwili hushusha kichwa. Mwenye shinikizo la jicho, presha isiyodhibitiwa, mifupa iliyodhoofika au diski ya mgongo iliyoteleza asivifanye kama anavyoviona kwenye video. Kwa cha tano ahamishe uzito tu kulia na kushoto, kichwa juu. Kwa cha sita aishie magotini, magoti yakiwa yamekunjwa. Mjamzito afanye hivyo hivyo, baada ya kuzungumza na mkunga wake.

Cha saba ni ngumi. Shuka tena kama mpanda farasi, sukuma ngumi polepole mbele macho yakiwa makali, fungua mkono, zungusha kiganja kama unayekamata kamba, funga ngumi, rudisha. Nguvu iwe mkononi. Taya na pumzi vibaki laini.

Cha nane kinaonekana cha mzaha, lakini ni kizuri sana. Simama miguu ikiwa pamoja, inua visigino juu kadiri uwezavyo, kaa sekunde mbili, kisha viachie vishuke, kishindo kidogo tu kisikike. Mara 7. Mzee ashike ukingo wa meza au asimame karibu na ukuta. Mwenye mgongo mbaya ashushe visigino kimya kimya, bila kishindo.

Yanayoharibika

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuvuta hewa nyingi mno kwa hamu. Dalili zake ni kichwa chepesi, ganzi ya vidole na mchomo kuzunguka midomo. Wengine huambiwa hiyo ndiyo chi inafunguka. Sivyo: wametoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na kemia ya damu imebadilika kwa muda. Acha zoezi, keti, pumua kawaida kwa pua, itapita. Joto tulivu la viganja ni sawa. Ganzi pamoja na kizunguzungu ni ishara ya kusimama. Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kusikoisha ukipumzika, ni ya hospitali moja kwa moja.

Kosa la pili ni kujifunza vipande vyote vinane siku moja. Utakuwa unakumbuka hatua badala ya kupumua. Wiki ya kwanza ichukue cha kwanza na cha nane tu. Ongeza kimoja kila baada ya siku nne au tano. Fanya dakika 12 hadi 15, siku tano kwa wiki, nguo ikiwa nyepesi na viatu bapa au miguu mitupu. Ukishiba ugali, ngoja kama saa mbili. Aliyefunga ni afadhali asubiri baada ya futari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu kitamu mfukoni, maana hata mazoezi mepesi yanaweza kuishusha.

Usihukumu kabla ya miezi miwili au mitatu. Mwenye presha apime wakati ule ule wa siku, akiwa ameketi kwa dakika tano kwanza, aandike namba kwenye daftari na kulipeleka kliniki. Namba zikishuka na kubaki chini, daktari ndiye atakayeamua kuhusu dozi.

Kila mara malizia kwa kufunga. Rudisha miguu karibu, viganja tumboni, pumzi tatu ndefu. Sugua viganja hadi vipate joto, vipitishe usoni mara moja au mbili, kisha tembea hatua ishirini hivi polepole ndipo uketi au ushike simu. Anayekatiza ghafla na kuinamia viatu vyake anaweza kusikia kichwa kikizunguka kwa sekunde chache, kwa sababu mapigo ya moyo yalikuwa yametulia na hayajapata muda wa kupanda.